Pikapu Iliyovunjika Kiuno

Nilikata paa la pikapu ya marehemu baba Jumamosi moja saa tatu asubuhi, na kufikia saa tatu na nusu pikapu ilikuwa imevunjika kiuno. Naliandika hili mwanzoni ili nisijisahau huko mbele nikaanza kujisifu.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Kazi nilikuwa nimejifunza kwa simu, kwa kutazama video za watu wa ng'ambo wenye gereji safi kuliko jikoni kwetu. Video ya kukata paa ilikuwa ya dakika arobaini. Bando niliyokuwa nayo ilikuwa ya dakika kumi na tano, nikijibana. Basi nikaruka mwanzo, pale ambapo yule mzungu alikuwa anaongea tu mikono mfukoni, nikaenda moja kwa moja kwenye cheche. Baadaye ndipo nilikuja kujua kwamba pale mwanzoni alikuwa akisema jambo moja, na alilirudia mara tatu: kabla hujakata paa, chomelea vyuma vya kushikilia bodi, maana bila paa gari halina mgongo.

Mimi nilikata nguzo zote kwa grainda ya kuazima, nikaliinua paa, nikaliweka kwenye majani, nikageuka kuitazama pikapu yangu mpya. Ikatoa sauti ndogo, kama mzee anayeketi kwenye kigoda. Kisha ikaketi kweli. Mlango wa dereva ulibana ukakataa kufunguka. Wa abiria ulifunguka wenyewe na ukakataa kufungwa. Tumbo liligusa nyasi.

Mama alitoka kwa ng'ombe na ndoo ya maziwa mkononi.

"Ni nini hiyo imelia?"

"Ni gari, Mama. Natoa paa."

"Na tumbo? Hata tumbo ulikuwa unataka kuitoa?"

Nilijifanya natafuta spana.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina miaka arobaini na moja, kidato cha nne nilimaliza na alama ambazo hakuna mtu amewahi kuniuliza, na kazi yangu ni kutengeneza redio, televisheni na spika za makanisa katika chumba changu kwenye boma la mama, nje kidogo ya Skuta. Dirisha langu linatazama njia. Mteja husimama nje, mimi huwa ndani na soksi. Kuna wiki ambazo safari yangu ndefu kabisa ni ya kwenda kuangalia kama kuku wametaga, na hata hiyo huanza nikiwa nimevaa sweta mbili.

Lakini kwenye simu nilikuwa mtu mwingine. Kulikuwa na kundi la wapenda magari ya zamani wa pande hizi za mlima, kutoka Karatina mpaka Timau, na mimi humo nilikuwa mshauri mkuu. Picha yangu ilikuwa ya gari jekundu la mtu nisiyemjua. Mtu akiuliza habari za springi, najibu. Akiuliza kabureta, najibu kwa aya tatu. Kwa miaka miwili niliwashauri watu wenye magari, mimi nikiwa na pikapu isiyowaka, inayolaliwa na kuku.

Nilichokuwa nataka kutengeneza ni kile wenyewe wanaita hotrodi. Unachukua gari kuukuu, unalivua kila kitu kisicho na kazi, unalishusha karibu na ardhi, halafu unalitia injini kubwa kuliko umri wake unavyoruhusu. Likinguruma, majirani wanajua una gari. Likikimbia, wanajua una wazimu. Na sikutaka gari lingine lolote ila hiyo pikapu ya Kifaransa, ya aina ile iliyolisha Nyeri nzima zamani. Baba aliiendesha miaka ishirini. Ilipeleka kabichi sokoni, ikaleta saruji ya nyumba, na ndiyo iliyomleta dada yangu nyumbani kutoka hospitali akiwa amefungwa shuka, mimi nikiwa nimekaa katikati nikibadilisha gia baba akikanyaga klachi. Baba alipokuwa anaondoka, shamba alimwachia mama. Pikapu alisema ni yangu. Hakunipa kitu kingine, na sikuwa nimeomba kingine. Kisha ikakaa uani chini ya mti wa mkima miaka kumi na mmoja, kila Krismasi nikimwambia mama kwamba mwaka ujao inatoka.

Jioni ya siku hiyo niliyoivunja kiuno, dada yangu, ambaye ni mwalimu, alikuja na habari. Watu wa mchumba wake, wakulima wa ngano kutoka Timau, wangekuja kwa ruracio, siku ya kuleta mahari, Jumamosi ya tano kutoka hiyo. Wageni hamsini, pengine zaidi. Mama alisimama mlangoni, akaangalia uwanja wetu wote, macho yake yakaja yakatua mahali pamoja.

"Hema ya wageni itasimama pale," akasema.

"Pale kuna gari, Mama."

"Najua kuko nini pale. Ijumaa kabla ya wageni, saa nne asubuhi, hiyo kitu iwe imetoka kwa miguu yake. Isipotoka, itatoka kwa kilo."

Alichukua simu palepale, mimi nikisikia, akampigia mtu wa vyuma chakavu, yule anayezunguka na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Akamwambia Ijumaa hiyo saa nne, na aje na watu wa kukata.

"Tunaweza kuisukuma tu mpaka nyuma ya zizi," nikasema.

"Hakuna kusukuma. Kitu ya kusukumwa hurudi."

Usingizi ulikuja kwa shida. Sikuwa nawaza hotrodi tena. Nilikuwa nawaza kwamba kitu ambacho baba alikiendesha miaka ishirini bila kukiua, mimi nimekiua kwa nusu saa, na sasa kitaondoka nyumbani kikiwa vipande vya kupimwa kama mifupa ya supu.

Asubuhi niliingia kwenye kundi, nikaweka picha, nikaandika ukweli wote, hata habari ya bando. Wakacheka, na kucheka kwa kundi la simu hakuishi, kwa sababu kila anayeamka anaanza upya. Kulikuwa na mama mmoja wa Skuta, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, ambaye nilikuwa nimemfundisha mambo ya springi kwa wiki nzima. Alituma sauti: "Wueh! Profesa! Sasa hiyo si gari, hiyo ni ngamia imelala."

Aliyefuata ni mzee wa Kiganjo, aliyestaafu baada ya kutengeneza malori ya serikali maisha yake yote. Yeye ndiye anayeheshimiwa humo. Sauti yake ilikuwa ya polepole.

"Kijana. Mimi sicheki. Nauliza tu. Hii miaka mbili, umewahi kuja kwa boma ya nani?"

Sikuwa nimewahi kwenda kwa boma la mtu yeyote. Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo, maana kundi lile linafanya kazi kwa ngwatio, kama nyanya zetu walivyolima: Jumamosi hii tuko kwako sote, na spana zetu, wewe unatupikia, Jumamosi ijayo tuko kwa mwingine. Asiyeenda kwa wengine hulima peke yake. Mimi kila Jumamosi walikuwa wakiniita, na kila Jumamosi nilikuwa na kifua.

"Mikono haiji kwa mtu hajaleta mikono," mzee akasema. "Jumamosi hii tuko kwangu Kiganjo. Ile ingine tuko Timau. Kuja hizo mbili, halafu tutaangalia hiyo ngamia yako."

Jumamosi mbili kati ya nne nilizokuwa nazo. Nilihesabu kwa vidole, nikavaa sweta mbili, nikaenda.

Kiganjo ni karibu, hata aibu kusema niliiona kama safari. Mzee alikuwa na jipi la kijeshi alilolinunua likiwa mabati matupu, na walikuwa wanalifunga breki. Nilipofika langoni nikajitambulisha, watu waliacha kazi.

"Kumbe ni wewe?" mama fundi akasema, akiniangalia kutoka viatu mpaka kofia. "Mimi nilidhani wewe ni mtu mrefu."

"Kwa simu mimi ni mrefu."

"Na ile gari nyekundu?"

"Ni ya mtu."

Walinipa kazi ya kusugua ngoma za breki kwa mafuta taa na brashi ya viatu, kazi ambayo hata mzee mwenyewe alisema huwa anampa mtu aliyemkosea. Nilisugua mpaka saa kumi. Hakuna aliyeniuliza ushauri hata mmoja. Nilirudi nyumbani nikinuka kama taa ya chemli, na mama akanusa, akanitazama, akageuka. Lakini aliniachia maji ya moto.

Timau ilikuwa jambo lingine. Nilikuwa sijawahi kufika. Ukipita Nanyuki nchi inafunguka, na upepo wa huko haukuulizi kama umetoka na kifua. Mwenyeji wetu alikuwa fundi wa matrekta na mashine za kuvuna ngano, mwanamume mpana mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya shamba. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kutoa injini ya lori. Mimi nilipewa kamba nishike. Lakini kando ya lori kulikuwa na mashine kubwa ya kuvunia, imekufa, na mwenyewe akawa anailalamikia. Amebadilisha betri. Amebadilisha stata. Ukiwasha, haisemi hata ng'we, na mavuno yako mlangoni.

Mimi naogopa watu wapya, naogopa safari, naogopa mbwa wa watu. Waya siogopi. Nilikuwa na kile kipimo changu cha umeme mfukoni kwa mazoea, kama mtu mwingine anavyobeba leso. Nikauliza kama naweza kuangalia.

"Wewe si ni mtu wa redio?" akasema mtu wa Timau.

"Hata hii ni redio. Imekosa tu nyimbo."

Nilipanda, nikaanza kufuata waya moja baada ya nyingine, kutoka betri kwenda mbele, nikipima kila mahali panapoungana. Nyuma ya dashibodi nikapata mahali panya amejenga. Alikuwa amekula waya mbili na kutandikia watoto wake ya tatu. Nikaunga, nikafunga tepu, nikamwambia awashe. Mashine ikaunguruma, moshi mweusi ukapanda, na wale watu wote waliokuwa wananiita Profesa kwa kejeli wakanyamaza kidogo. Nakiri nilikipenda kile kimya. Nilijifanya nafuta mikono ili nikae ndani yake.

Wakati wa chai mtu wa Timau aliuliza hiyo hema niliyoitaja kwenye kundi ni ya nini. Nikamwambia habari ya ruracio, na kwamba wageni wanatoka kwao.

"Kwa hivyo watu wa huku ndio wanawaletea nyinyi mbuzi?"

"Ndiyo."

"Kai! Nyinyi watu wa Nyeri mnaomba sana. Kuja."

Alinipeleka nyuma ya ghala, akafunua magunia, kuku wawili wakatoka wakinung'unika. Chini yake kulikuwa na injini ya Kijapani ya silinda sita, pamoja na gia zake, iliyotolewa kwa gari lililoangukiwa na mti.

"Chukua," akasema. "Mbuzi zinakuja, injini iende pia, ili mjue hatutoi wasichana na mbuzi peke yake."

"Msichana ni wetu," nikamkumbusha.

"Basi ndio umepata faida. Na wakati wa kuvuna utakuja kuangalia waya zangu. Jumamosi tatu. Usiniambie mambo ya kifua."

Injini ilishuka mpaka kwetu juu ya lori la viazi. Na Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, mbwa wetu akabweka kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kubweka, maana watu saba waliingia langoni kwa wakati mmoja na hakuna aliyekuwa ameleta redio.

Mzee wa Kiganjo alilala chini ya pikapu kwa muda mrefu. Alipotoka alikaa kwenye nyasi.

"Hii ya Kifaransa hapa mbele haina fremu," akasema. "Bodi ndio mifupa. Wewe umemtoa mtu uti wa mgongo ukitafuta kofia yake."

"Inaponyeka?"

"Inaponyeka. Lakini haitakuwa na milango."

Sikuelewa mpaka mama fundi alipoanza. Waliweka jeki mbili za lori chini ya tumbo na mbao juu yake, wakainua kidogo, wakapima kwa kamba, wakainua tena. Pikapu ilikuwa inalia kama mlango wa kanisa kuukuu. Kila iliponyooka kwa upana wa kidole, mama fundi alichomelea bomba la chuma ndani kushikilia hapo ilipofika. Mpaka saa saba, kiuno kilikuwa kimesimama. Halafu akageukia ile milango yangu miwili, mmoja wa kubana na mwingine wa kufunguka, akaivuta ikakaa sawa, akaishona kwa moto kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayeshona gunia.

"Sasa ni kitu moja," akasema, akiinua kile kioo cheusi usoni. "Haipindi tena."

"Na mimi nitaingia aje?"

"Utaruka."

Wote waliniangalia tumbo. Ilibidi nijaribu palepale. Mara ya kwanza mguu mmoja uliingia na mwingine ukakataa, nikabaki nimepanda mlango kama mtu aliyekwama juu ya ua akiiba parachichi. Nusura mzee wa Kiganjo ameze mswaki wake wa mti.

Ua letu na jirani ni wa kaiyaba, wa miiba, lakini una mahali pamoja palipokonda. Hapo ndipo husimama mama mmoja mzee tunayemwita Cucu, yaani nyanya, kwa heshima ya umri tu. Kila kitu kinachotokea kwetu hukiona kabla hatujakimaliza. Siku hiyo alikuwa amesimama hapo na panga lake la kukatia nepia, nyasi za ng'ombe.

"Hawa watu wote wamekuja kuzika nani?" akauliza.

"Hakuna amekufa, Cucu. Wananisaidia gari."

"Na wewe unafanya nini hapo juu?"

Mama alikuwa amesema kwamba hatapikia watu wa kuchelewesha hema. Lakini ngwatio ni ngwatio, na mama yangu alikulia ndani yake. Mtu akija kwako na mikono yake, hawezi kuondoka na njaa, hata kama kazi yenyewe unaidharau. Saa nane alitoka na sufuria ya mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, pamoja na nyama, akaiweka mezani kwa kishindo.

"Nimepikia watu," akasema. "Sijapikia gari."

Mama fundi alikula sahani mbili, akamwambia mama kwamba geti letu limelegea bawaba, na kabla ya kuondoka akalirekebisha. Baada ya hapo nilisikia mama akimuuliza, kwa sauti ya chini, kama kweli kile kitu kitatembea.

"Mama, hiyo itakimbia," mama fundi akajibu.

Jumamosi ya nne iliingia injini. Tuliitundika kwenye tawi la mkima kwa mnyororo, watu wanne wakivuta, wengine wakiongoza, na katikati ya kazi niligeuka nikamwona mama ameshika mkia wa kamba, amejifunga leso kiunoni, anavuta na sisi. Hakuna aliyesema chochote. Tulijua tukisema ataacha. Injini iliketi mahali pake kwa tofauti ya kidole kimoja. Lakini ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, propela, ulikuwa mfupi kwa kiasi cha kiganja. Mama fundi aliubeba begani akaenda nao Skuta kuurefusha, na mimi nikabaki na siku sita.

Siku hizo sita nilifunga redio. Nililaza waya zote upya, kila taa, kila swichi, nikazifunga vizuri kama ninavyofunga spika za kanisa. Jumatano nikapaka rangi, kijani cha majani ya chai, na kwa kuwa nilikuwa na furaha nilipaka kila kitu ambacho hakikunikimbia. Alhamisi mama fundi akarudisha propela, tukaifunga. Jioni ya Alhamisi kila bolti ilikuwa mahali pake. Tulikubaliana kuiwasha asubuhi, wakiwepo wote.

Ijumaa, saa tatu, watu wa hema walifika na vyuma vyao, wakavipanga pembeni. Saa tatu na nusu akafika mtu wa vyuma chakavu, na vijana wawili na gesi ya kukatia. Alitundika mizani yake kwenye mkima, kwenye tawi lilelile la injini, akakaa kwenye mkokoteni akaanza kula mahindi. Mzee wa Kiganjo alikuwepo, mama fundi alikuwepo, na mtu wa Timau alikuwa ameshuka asubuhi na mapema, akisema amekuja kuangalia injini yake inazikwa wapi.

Niliruka ndani, safari hii kwa mara moja, nikageuza ufunguo.

Tik.

Nikageuza tena. Tik. Taa za dashibodi ziliwaka zikafifia kama mtu anayesinzia. Mzee aliweka kijiti sikioni, ncha nyingine kwenye stata, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mama fundi akajaribu kugonga stata kwa nyundo. Tik. Betri ilikuwa mpya. Mtu wa Timau akasema labda injini inanisusia kwa sababu ya mbuzi.

Mama alikuwa amesimama karibu na watu wa hema. Aliangalia simu yake, akasema, bila kuniangalia mimi, "Kumebaki dakika kumi."

Mtu wa vyuma akatupa bunzi la mahindi.

Nilitaka kuingia nyumbani. Naomba msomaji anielewe: mwili wangu wote ulielekea mlango wa chumba changu, kwenye soksi. Lakini milango ya gari ilikuwa imeshonwa, na kutoka kulikuwa kazi kuliko kubaki. Basi nikabaki, nikafikiri kama ningekuwa dirishani kwangu na mteja ameleta redio inayowaka ikafifia. Ningemuuliza nini? Ningemuuliza kama umeme unarudi. Umeme hauendi tu. Ukienda kwa waya lazima upate njia ya kurudi, na kwenye gari unarudi kwa chuma cha bodi yenyewe, kupitia ule waya mweusi wa betri unaokazwa kwa bolti kwenye chuma kitupu.

Chuma kitupu. Nilikuwa nimekipaka rangi Jumatano. Mikono miwili ya rangi. Kwa furaha.

"Nipeni kisu!" nikapiga kelele.

"Ya nini?" mama fundi akauliza.

"Nimepaka rangi njia ya umeme!"

"Profesa!" wakasema wote watatu, kwa sauti moja.

Niliruka nje vibaya, nikaangukia magoti, nikafungua boneti. Mama ndiye aliyenipa kisu, kile chake cha kumenyea viazi. Nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa upana wa sarafu, nikarudisha waya, nikakaza. Sikungoja kupanda tena. Mtu wa Timau aliinama akapitisha mkono ndani, akageuza ufunguo.

Ile injini haikuwaka, ililipuka. Kuku waliruka ua wa kaiyaba, jambo ambalo kuku hawaliwezi. Mtu mmoja wa hema aliacha nguzo akakimbia hatua tano kabla hajaona aibu. Mizani ya vyuma ilitikisika kwenye mkima. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kifua, silinda sita zikisema kitu kimoja, na chini ya miguu yetu nyasi zilikuwa zinatetemeka. Mama fundi alikuwa anapiga kofia yake kwenye paja. Mzee wa Kiganjo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kijana!" akapiga kelele juu ya mngurumo. "Toa gari!"

Nikapanda. Nilikuwa natafuta gia niliposikia mama akisema, "Ngoja."

Aliingia nyumbani. Mtu wa vyuma akasimama, nadhani akidhani ameenda kumletea ruhusa. Mama akatoka amevaa kitambaa chake cha kanisani na koti la ruracio ambalo lilikuwa bado na karatasi ya fundi cherehani mfukoni.

"Milango iko wapi?" akauliza.

"Hakuna, Mama."

Mtu wa Timau upande mmoja na mama fundi upande mwingine walimwinua juu ya mlango ulioshonwa, wakamweka kwenye kiti cha abiria taratibu, kama watu wanaoweka kioo cha dirisha. Akajipanga. Akaweka mkono kwenye dashibodi, mahali alipokuwa akiuweka zamani.

"Haya. Peleka."

Tulitoka langoni saa nne kasoro dakika mbili, kwa magurudumu yetu. Kwenye lami sikuthubutu, karatasi za ukaguzi bado; nilifuata barabara ya udongo mpaka madukani na kupanda kile kilima cha kanisa, ambacho baba alikuwa akikipanda kwa gia ya kwanza na maombi. Nilikipanda kwa gia ya tatu. Watoto walikimbia nyuma yetu, kinyozi alitoka na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa, na upepo ulikuwa unapiga kitambaa cha mama kama bendera. Alikuwa anasema kitu. Nikapunguza mwendo nikidhani anaogopa.

"Kwa nini umepunguza?" akaniuliza.

Tuliporudi, hema lilikuwa limeshasimama palepale ambapo pikapu ilikuwa imelala kwa miaka kumi na mmoja. Mtu wa vyuma alikuwa ameondoka, lakini kwanza, mzee aliniambia, aliomba kupigwa picha mahali gari lilipokuwa. Niliegesha nje ya lango, kando ya ua, kijani ikiwaka juani, ili kesho yake kila mgeni kutoka Timau aione kabla hajaona kitu kingine chochote kwetu. Mama alishushwa kama alivyopandishwa, akaenda moja kwa moja kumenya viazi, akiimba.

Mimi nilibaki kwenye usukani. Nilizima injini, nikakaa pale nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, mshindi mtupu, nikingoja mtu apite aniulize swali lolote kuhusu springi.

Aliyepita ni Cucu, na mzigo wa nepia mgongoni. Akasimama. Aliitazama pikapu kutoka taa za mbele mpaka eksozi, akalitazama hema, akatazama lango, akamaliza na mimi, kwa muda wake.

"Kijana," akasema, "gari imetoka, dada yako anatoka kesho. Sasa kwa hiyo boma kumebaki wewe."